Namna ya kumsoma Thucydides, na kumpima unapomsoma

Anayemfungua Thucydides, Mgiriki wa kale aliyeandika historia ya vita vya Athens na Sparta, ukurasa wa kwanza na kusonga mbele moja kwa moja kwa kawaida hukwama Epidamnus. Ni sura ya 24 tu ya kitabu cha kwanza, vita vyenyewe bado, na msomaji ameshapitishwa enzi za mfalme Minos, Vita vya Troya, maelezo ya mbinu za uandishi, na sasa ugomvi wa koloni ambalo hajui hata liko pwani gani. Hapo kitabu hufungwa. Kosa si lake: kitabu cha kwanza ndicho chenye mpangilio mgumu kuliko vyote, na kiliandikwa kwa watu waliozifahamu bandari zile kwa majina.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kummaliza Thucydides na kumtumia katika insha, somo au mjadala bila kumbebesha asiyoyasema. Sifa anazopewa huwa ni za jumla mno: mkweli, makini, baba wa historia ya siasa. Thamani yake hasa ni kwamba ameacha alama za kumkagua. Anataja msimu, idadi, njia ya hesabu, hati, na wakati mwingine anakiri kwamba hakupata habari. Anapoacha kuweka alama hizo, macho yako yafunguke zaidi.

Vya kuweka mezani

Cha kwanza ni tafsiri yenye namba za kitabu, sura na aya. Thucydides hurejelewa kwa namba tatu: 3.82.4 ni kitabu cha 3, sura ya 82, aya ya 4. Namba hizo hazibadiliki kutoka toleo hadi toleo wala lugha hadi lugha. Nakala isiyo nazo, hata iwe na lugha tamu kiasi gani, itakutesa siku ya kutafuta ulichosoma.

Vitabu ni 8, na sura jumla yake ni 917: 146, 103, 116, 135, 116, 105, 87 na 109. Ukisoma sura 20 kwa kikao utahitaji vikao 46. Sura nyingi ni fupi, chini ya ukurasa mmoja, ila zenye hotuba ni nzito na kikao cha hotuba kikiwa na sura 8 kinatosha. Mgawanyo wa vitabu si wake, ni wa wasomi wa kale waliomfuata. Sura ziliwekwa na wahariri wa baadaye zaidi. Kwa hiyo usijenge hoja juu ya mahali kitabu kinapoanzia au kinapoishia.

Kama unasoma Kiingereza, weka tafsiri mbili kando kwa kando. Ya Richard Crawley ya 1874 haina hakimiliki na inapatikana bure. Ongeza moja ya karibuni yenye tanbihi. Kigiriki cha Thucydides kimebanwa sana, hasa ndani ya hotuba, na mahali ambapo watafsiri wawili wanatofautiana kabisa ndipo penyewe palipo pagumu. Hoja yako ikitegemea neno moja la mahali hapo, iache.

Ramani ni lazima. Kabla ya kuanza, tafuta Athens na bandari yake Piraeus, Sparta, Corinth, Corcyra (kisiwa kiitwacho leo Corfu), Potidaea, Plataea, Mytilene, Pylos, Amphipolis, Mantinea, Melos na Syracuse. Ukishayajua majina hayo 12 na bandari moja, nusu ya ugumu imekwisha.

Mwisho, daftari lenye safu tano: rejeo, mwaka wa vita na msimu, tukio, idadi, na aina ya taarifa. Safu ya tano ndiyo itakayofanya kazi kubwa. Andika T kwa tukio lililosimuliwa, H kwa hotuba, D kwa hati iliyonakiliwa, na M kwa maoni ya Thucydides mwenyewe, pamoja na kila mahali anapotuambia mtu fulani aliwaza nini. Wasomaji wengi huchanganya H na M, na karibu kila nukuu potofu ya Thucydides hutoka kwenye mchanganyiko huo.

Ni nani anayesimulia

Thucydides mwana wa Olorus alikuwa raia wa Athens, mwenye haki za kuchimba dhahabu upande wa Thrace, na mwenye sauti kwa wakubwa wa huko (4.105). Aliugua tauni akapona (2.48). Majira ya baridi ya 424/3 KK alikuwa jemadari, amekaa na meli 7 kisiwani Thasos, mwendo wa kama nusu siku baharini, wakati Brasidas wa Sparta alipofika Amphipolis na kuwapa wakazi masharti mepesi. Mji ukajisalimisha kabla hajafika. Aliwahi kuiokoa bandari ya Eion tu. Kwa hilo alikaa uhamishoni miaka 20, na mwenyewe anasema (5.26) kwamba uhamisho ulimpa nafasi ya kuyafuatilia mambo ya pande zote mbili, hasa upande wa Peloponnesus, yaani Sparta na washirika wake.

Weka alama nene daftarini hapo. Kabla ya tarehe hiyo angeweza kusikia mijadala ya Athens kwa masikio yake. Baada yake, kila kilichosemwa katika baraza la Athens amekipata kwa kusimuliwa.

Angalizo: kuna Thucydides mwingine, mwana wa Melesias, mwanasiasa aliyepambana na Pericles, kiongozi mkuu wa Athens vita vilipoanza. Ukimkuta katika Plutarch, mwandishi wa karne za baadaye, usidhani ni huyu.

Usianzie sura ya kwanza na kuendelea

Anza na vipande vitatu vifupi: 1.1, kisha 1.20 hadi 1.23, kisha 5.26. Hivyo ni vya kikao kimoja. Vinakueleza ni vita gani, anaandikaje, anaona chanzo ni nini, na kwa nini anahesabu miaka 27 (431 hadi 404 KK) kama vita vimoja, ilhali wengine waliona vita viwili vilivyotenganishwa na mkataba wa amani wa 421.

Kisha ruka hadi 2.1 na usome mpaka 2.65. Hapo vita vinaanza kwa shambulio la usiku la Thebes dhidi ya Plataea, Pericles anataja hazina ya mji, anatoa hotuba ya mazishi, tauni inaingia, na Pericles anapimwa na kuagwa. Angalia jinsi hotuba ya mazishi inavyokwisha 2.46 na tauni ikaanza 2.47. Kati ya sifa za mji na maiti zilizorundikana hekaluni (2.52) kuna sura chache tu. Huo ni mpangilio wa mwandishi, na ni aina ya maoni ambayo hayasemwi kwa maneno.

Sasa rudi kitabu cha kwanza, 1.24 hadi 1.88, halafu 1.118 hadi 1.146. Epidamnus haitakusumbua tena maana unajua inaelekea wapi. Zile sura 29 katikati, 1.89 hadi 1.117, zisome peke yake siku nyingine: zinabeba miaka zaidi ya arobaini tangu Waajemi waliporudishwa, tarehe ni chache, na yapo makubwa yaliyorukwa. Inachekesha kidogo kwamba mahali hapo hapo (1.97) Thucydides anamlaumu mwandishi mwenzake Hellanicus kwa ufupi na kukosa usahihi wa tarehe.

Kutoka 2.66 hadi 5.24 songa moja kwa moja. Mwenye muda mdogo achague uasi wa Mytilene (3.1 hadi 3.50), hukumu ya Plataea (3.52 hadi 3.68), machafuko ya Corcyra (3.69 hadi 3.85), Pylos (4.1 hadi 4.41) na Amphipolis (4.102 hadi 4.108, kisha 5.6 hadi 5.11). Sura ya 3.84 wahariri wengi huiona kuwa si ya mkono wake, usiitegemee.

Sehemu ya 5.25 hadi 5.83 ni ya kuvumilia. Miungano inafungwa na kuvunjwa kila baada ya kurasa mbili, na asiyechora jedwali la nani yuko na nani atapotea. Baada ya hapo ni Melos, 5.84 hadi 5.116, halafu vitabu vya 6 na 7 kuhusu kampeni ya Athens kisiwani Sicily, dhidi ya Syracuse. Hivi viwili visome mfululizo, ndani ya wiki moja ukiweza. Vimeandikwa kwa pumzi moja na hupoteza nguvu vikikatwakatwa.

Kitabu cha 8 ni kigumu kwa sababu nyingine. Hakina hotuba hata moja ya maneno ya moja kwa moja, kinarudi nyuma mara kwa mara kuwafuata watu wawili au watatu kwa wakati mmoja, na kinakatika 411 KK vita vikiwa havijaisha. Wengi hukiona kuwa hakikukamilika kusukwa. Hata hivyo usikiache: mapinduzi ya watu 400 mjini Athens yamo humo, na 8.97 ni mahali adimu ambapo Thucydides anasifu serikali kwa kinywa chake.

Kuhesabu miaka

Thucydides anahesabu miaka ya vita, na kila mwaka una kiangazi na majira ya baridi. Kanuni ya kubadilisha ni nyepesi: 432 toa namba ya mwaka wa vita, unapata mwaka KK ulioanza nao. Mwaka wa 2 ni 430, ndio wa tauni. Mwaka wa 7 ni 425, ndio wa Pylos. Mwaka wa 16 ni 416, Melos. Mwaka wa 21 ni 411.

Watu hukosea kwenye majira ya baridi. Kiangazi chake huanza majeshi yanapoweza kutoka, yaani majira ya kuchipua, na baridi yake huvuka kuingia mwaka wetu unaofuata. Kwa hiyo matukio ya baridi yaandike kwa mkwaju, 424/3, 416/5, na usichague mwaka mmoja mpaka maelezo yenyewe yakulazimishe. Mwaka ukiisha atakuambia kwa kanuni inayojirudia, kwamba mwaka wa kadhaa wa vita hivi, alivyoviandika Thucydides, umekwisha. Pigia mstari kila inapotokea. Hizo ndizo nguzo za kitabu.

Kwa nini hakutumia majina ya watawala kama wengine? Tazama 2.2, pale anapoifunga tarehe ya kuanza kwa vita: mwaka wa 15 tangu mapatano ya miaka thelathini kati ya Athens na Sparta, mwaka wa 48 wa ukuhani wa Chrysis kule Argos, Aenesias akiwa efori (mtawala wa mwaka) Sparta, Pythodorus akiwa amebakiza miezi miwili ya uarkoni (utawala wa mwaka) Athens, mwezi wa 6 baada ya vita vya Potidaea. Kila mji ulikuwa na kalenda yake, na arkoni wa Athens aliingia madarakani katikati ya kiangazi, hivyo kampeni moja ya kijeshi ingeangukia chini ya maarkoni wawili. Anaeleza hoja hiyo 5.20, na ana haki.

Kuna pia alama tatu za angani: kupatwa kwa jua 2.28, kupatwa kwa jua tena 4.52, na kupatwa kwa mwezi 7.50. Hesabu za wanaastronomia wa leo zinaziweka tarehe 3 Agosti 431, 21 Machi 424 na 27 Agosti 413 KK. Zote tatu zinaingia sawasawa katika misimu yake. Hapo unajua kalenda yake imekaa vizuri.

Hotuba

Kabla ya hotuba yoyote soma tena 1.22. Anasema ilikuwa vigumu kwake na kwa waliomsimulia kukumbuka maneno yenyewe, kwa hiyo amewapa wasemaji kile alichoona kilihitajika kusemwa katika hali ile, huku akishikilia kadiri awezavyo maana ya jumla ya yaliyosemwa kweli. Sentensi hiyo ina vichwa viwili vinavyovutana, na wasomi wamevutana navyo pia. Usiikate ukabaki na nusu inayokufaa.

Kwa kila hotuba jibu maswali manne: ilisemwa wapi na lini, nani angeweza kumsimulia Thucydides, ilileta uamuzi gani, na hotuba gani inaijibu. Swali la nne hufungua mengi. Chukua Wakorintho wanaozungumza na washirika wa Sparta, 1.120 hadi 1.124. Wanasema fedha zitakopwa kutoka hazina za mahekalu ya Delphi na Olympia, na kwa mishahara mikubwa zaidi wapiga makasia wa kigeni wa Athens watavutwa. Kisha soma 1.143. Pericles, akihutubia baraza la Athens ambako Wakorintho hawakuwepo, anajibu hoja hiyohiyo: hata wakigusa fedha za Olympia na Delphi, Athens ina manahodha na mabaharia wake wenyewe. Wawili hawa hawakuwahi kukutana. Aliyewakutanisha ni mwandishi, ili upime nguvu za pande mbili. Kwa hiyo 1.143 ni ushahidi mzuri wa jinsi Thucydides alivyouelewa mkakati, na ni ushahidi dhaifu kwamba Pericles alitamka maneno hayo siku hiyo.

Melos ndiyo mfano wa mwisho kabisa. Mazungumzo yalikuwa ya faragha, kati ya wajumbe wa Athens na wakubwa wachache wa Melos. Mji ulipoanguka wanaume waliokamatwa waliuawa, wanawake na watoto wakauzwa utumwani. Thucydides alikuwa uhamishoni. Uliza nani alibaki wa kumsimulia neno kwa neno, na utajua namna ya kuyatumia mazungumzo yale: kama uchambuzi wa nguvu na haki, si kama kumbukumbu za kikao.

Hotuba pia zinaitikiana kwa mbali. Pericles anawaambia Waathens kwamba himaya yao ni kama utawala wa mabavu (2.63). Cleon, mwanasiasa wa Athens baada yake, anasema ni utawala wa mabavu (3.37), bila kulainisha. Ukiandika rejeo la kila mwangwi wa namna hii pembeni, baada ya vitabu vitatu utakuwa na faharasa bora kuliko ya mchapishaji.

Namba zipigie hesabu

Wasomaji wengi huzipita namba. Usizipite, ndizo zinazokupa nafasi ya kumkagua bila kutoka nje ya kitabu. Vipimo vya kukariri ni hivi: talanta 1 ni drakma 6,000, na triremi moja, ile meli ya kivita ya safu tatu za makasia, hubeba watu wapatao 200.

Jaribu 6.8. Wajumbe wa Egesta, mji wa Sicily ulioiomba Athens msaada, wanaleta Athens talanta 60 za fedha, mshahara wa mwezi mmoja wa meli 60. Yaani talanta 1 kwa meli kwa mwezi. Watu 200 kwa drakma 1 kwa siku kwa siku 30 ni drakma 6,000. Imetimia, na inakubaliana na 6.31 ambako baharia analipwa drakma moja kwa siku. Halafu fika 6.46: zilizobaki Egesta ni talanta 30 tu, na vikombe vya dhahabu na fedha walivyoonyeshwa wajumbe wa Athens vilikuwa vya kuazima, vikizungushwa kutoka nyumba hadi nyumba. Kwa meli 60 hiyo ni nusu mwezi. Zilizotumwa ni triremi 134 (6.43). Hesabu inakueleza ukubwa wa udanganyifu kuliko sifa yoyote.

Jaribu Potidaea. Hazina ya Athens mwanzoni ilikuwa talanta 6,000 za sarafu, na mapato ya mwaka kutoka kwa washirika kama 600 (2.13). Kuuzingira mji huo mmoja kumekula 2,000 (2.70). Kwa mujibu wa 3.17 askari wa miguu 3,000 walilipwa drakma 2 kwa siku kila mmoja, yake na ya mtumishi wake. Hiyo ni talanta 1 kwa siku, au 730 kwa miaka miwili; kinachobaki ni kikosi cha watu 1,600 cha jemadari Phormio wa Athens, meli, na muda uliozidi miaka miwili. Kiasi kinaaminika. Na ni sawa na theluthi ya akiba ile, kabla vita havijafika mwaka wa tatu.

Bora kuliko zote ni 5.68, vita vya Mantinea vya 418. Anasema wazi kwamba idadi ya Wasparta hawezi kuitoa kwa sababu serikali yao ni ya siri, na idadi za wengine haziamini kwa sababu watu hujisifu. Kisha anatoa njia: vikosi 7 bila kuhesabu askari 600 wa kundi la pekee la Wasciritae, kila kikosi na sehemu 4, kila sehemu na makundi 4, na katika kila kundi watu 4 mstari wa mbele. 7 × 4 × 4 × 4 ni 448. Kina cha safu ni watu 8 kwa wastani. Zidisha upate 3,584. Wapo wanaosema amekosea muundo wa jeshi la Sparta, na wanaweza kusema hivyo kwa sababu tu aliweka hesabu yake hadharani.

Namba nyingine zitakugomea. Waathens na washirika wao wanaorudi nyuma kutoka Syracuse anasema hawakupungua 40,000 (7.75), waliofungwa katika machimbo ya mawe hawakupungua 7,000 (7.87), naye anasema idadi kamili ni ngumu kuitaja. Hapo andika zote mbili, taja pengo, usilizibe kwa kukisia.

Nia za watu, na yaliyonyamaziwa

Sasa safu ya tano ya daftari. Fungua 4.27 hadi 4.39 na umfuate Cleon. T: Cleon aliahidi kuwakamata au kuwaua Wasparta waliozingirwa Sphacteria, kisiwa kilicho mbele ya Pylos, ndani ya siku 20, waliletwa 292, wapatao 120 wakiwa Wasparta kamili. M: alijaribu kukwepa jukumu, watu wenye busara walifurahi kwa kuwa ama wangemwondokea Cleon ama wangewapata Wasparta, ahadi ilikuwa ya kichaa. Ondoa mistari ya M na kilichobaki ni jemadari aliyetimiza alichoahidi kwa muda aliosema. Rudia zoezi hilo 5.7 na 5.16. Haimaanishi Thucydides anadanganya. Inamaanisha kwamba matukio ameyatoa mahali pamoja na hukumu, na unaweza kuvitenganisha kwa penseli. Fanya vivyo hivyo kwa Pericles katika 2.65, ambako upendeleo unaelekea upande wa pili; hapo wasomaji husahau kuwa wakali.

Kimya ni kigumu kukiona mpaka uwe na vyanzo vya nje. Jiwe la Athens lenye maandishi ya 425/4 KK linaonyesha michango ya washirika ikipandishwa hadi zaidi ya talanta 1,400; Thucydides, aliyetupa ile 600, hasemi lolote. Uhusiano na Uajemi unatajwa kwa nadra sana mpaka kitabu cha 8, ambako ghafla fedha ya Uajemi ndiyo inayoendesha vita. Amri ya kuwafungia Wamegara masoko na bandari inaguswa 1.67 na 1.139 na kuonekana kama kisingizio, ilhali Aristophanes, mwandishi wa michezo ya kuchekesha, jukwaani mwaka 425 anaichezea kama chanzo cha vita. Wanawake na watumwa hawaonekani ila wanapouzwa, kuuawa au kutoroka. Kwa hiyo kanuni ni hii: asipotaja jambo, usiandike kwamba halikuwepo.

Vyanzo vya nje humpa ushindi pia. Mkataba wa 5.47 kati ya Athens, Argos, Mantinea na Elis, wa miaka 100, umepatikana katika kipande cha jiwe huko Athens. Ukilinganishwa na nakala yake, tofauti ni ndogo ndogo za maneno.

Mpangilio wa kulinganisha uwe huu: mawe kwanza, maana ni ya wakati uleule; kisha Aristophanes, ukikumbuka ni mchekeshaji anayemchukia Cleon; Diodorus na Plutarch mwisho, kwa kuwa waliandika karne kadhaa baadaye, ingawa walisoma vitabu ambavyo leo havipo.

Kunukuu

Nukuu ya Thucydides bila jina la msemaji haina kazi. Ile maarufu kwamba wenye nguvu hufanya wawezavyo na wanyonge huvumilia wanavyolazimika (5.89) inasemwa na wajumbe wa Athens kule Melos. Kuandika "Thucydides anasema" ni kumtia mdomoni maneno ya watu ambao kitabu kinachofuata kinawaonyesha wakielekea maangamizi yao. Andika: wajumbe wa Athens katika Thucydides 5.89.

1.23.6, kwamba kukua kwa Athens na hofu ya Sparta ndiyo sababu ya kweli zaidi ya vita, ni M halali, ni sauti yake. Lakini sentensi iliyotangulia inasema ataeleza pia malalamiko ya wazi, na analitimiza hilo kwa sura zaidi ya arobaini kuhusu Corcyra na Potidaea. Anayeinukuu peke yake kama sheria ya madola makubwa amezifuta sura hizo zote.

Na kuna maneno yanayosambaa mitandaoni kwa jina lake, kuhusu taifa linalotenganisha wasomi wake na wapiganaji wake. Hayamo katika sura yoyote kati ya zile 917. Yanatokana na William Francis Butler, afisa wa jeshi la Uingereza, aliyeyaandika 1889. Nukuu isiyo na namba ya kitabu na sura usiitumie mpaka umeiona ndani.

Ukifika 8.109, Tissaphernes, gavana wa Uajemi, anakwenda Ephesus kumtolea mungu wa kike Artemis sadaka, na maandishi yanakatika. Usitafute maana katika kukatika huko. Thucydides alijua vita viliishaje, kwa kuwa 2.65 na 5.26 zinataja mwisho wa 404. Hakuwahi tu kufika huko kwa kalamu. Anayetaka kuendelea achukue Hellenica ya Xenophon, inayoanza karibu papo hapo alipoachia, na abebe daftari lilelile. Safu ya idadi itabaki na nafasi nyingi tupu, na tarehe za miaka ya kwanza zitamsumbua, maana Xenophon hakuipigia misimu mistari kwa uangalifu uleule.